Marehemu Mbaraka Mwinshehe na Sauti ya Gitaa Lake

Muhula uliopita wazazi waliopita karibu na maabara yetu nyakati za jioni walisikia gitaa likilia humo, na wengine wakaniuliza kama siku hizi Fizikia hufundishwa kwa dansi. Nimeona yafaa nilieleze jambo hilo katika gazeti letu. Lakini siwezi kulieleza vizuri pasipo kusimulia kwanza maisha ya mtu mmoja aliyekufa zamani, naye ni marehemu Mbaraka Mwinshehe Mwaruka.

Mbaraka alizaliwa mwezi wa Juni, mwaka 1944. Mji uliompa jina ni Morogoro. Katika miaka ya ujana wake mji huo, ingawa si mkubwa, ulikuwa na bendi mbili mashuhuri zenye kushindana: Cuban Marimba, iliyoongozwa na Salum Abdallah, na Morogoro Jazz. Watu wa Morogoro walikuwa wepesi wa kusifu na wepesi wa kulaumu, na kijana mpenda gitaa hakuweza kupata shule bora kuliko hiyo. Mwaka 1965 Salum Abdallah akafa katika ajali ya gari, na mji ukampoteza kiongozi wa muziki wake. Ilikuwa katikati ya miaka hiyo hiyo Mbaraka alipoingia Morogoro Jazz, akiwa kijana wa miaka ishirini hivi.

Hakukawia kujulikana. Alitunga nyimbo, akaziimba mwenyewe, na juu ya hayo alipiga gitaa la solo, yaani lile linalotangulia mengine na kujibizana na mwimbaji. Bendi zilirekodi katika Radio Tanzania Dar es Salaam. Wanamuziki wote walipiga pamoja, kwa mara moja, katika chumba kimoja, na sauti zao zikaingia katika utepe. Mmoja akikosea, wote walianza upya. Nyimbo zilizotoka katika chumba hicho zilifika kila mahali palipokuwa na redio, na hata huku kwetu Mbeya, kwenye baridi, watu walimjua Mbaraka kabla hawajapata kumwona.

Mwaka 1970 Morogoro Jazz ilikwenda Japani, kwenye Maonyesho ya Dunia yaliyofanywa katika mji wa Osaka, ikawakilisha taifa letu. Mwaka 1973 Mbaraka aliiacha bendi hiyo akaunda yake, Super Volcano. Wakati huo Tanzania haikuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri, kwa hiyo wanamuziki wetu walizoea kusafiri hadi Nairobi. Naye Mbaraka alipendwa Kenya kama alivyopendwa kwao. Wimbo wake uitwao Shida hupigwa hata leo. Mwezi wa Januari, mwaka 1979, akiwa Mombasa, alipatwa na ajali ya gari akafariki dunia. Umri wake ulikuwa miaka 34 tu.

Sasa nirudi kwenye maabara. Baba yangu mdogo alikuwa na kibanda cha kuuza kanda katika soko la Mwanjelwa. Mimi nilipokuwa mtoto nilikaa naye humo siku za Jumamosi, na nyimbo za Mbaraka ndizo alizozipiga asubuhi kabla ya mteja wa kwanza kufika. Mwaka 2006 soko liliungua, na kanda zote zikaungua nalo. Tangu siku ile Baba Mdogo hakununua kanda nyingine. Nyimbo nyingi zaweza kupatikana siku hizi kwa simu, lakini nilipomsikilizisha alitikisa kichwa, akasema gitaa limebanwa mno na silo alilolijua. Basi wanafunzi wa chama chetu cha muziki waliposema wanataka kupiga Shida siku ya wazazi, nikawaambia tujaribu pia kuirekodi kwa sauti ile ya zamani, nimpelekee.

Tulikuwa na gitaa moja la solo, amplifaya ndogo, na maikrofoni mbili. Ya kwanza ni ya koili na sumaku: haina mambo mengi, nayo hustahimili kelele. Ya pili ina kapasita ndani yake na huhitaji umeme. Hiyo husikia hata kucha ikigusa uzi.

Tulianza na ya koili, tukaigusisha karibu na spika. Sauti ikawa nzito, ikivuma kama ngoma, kwa kuwa maikrofoni isikiayo upande mmoja huzidisha sauti nene ikiwekwa karibu mno. Tukaisogeza nyuma kiasi cha vidole vinne. Tulipoielekeza katikati kabisa ya karatasi ya spika, gitaa lilikuwa kali hata likachoma masikio. Tulipoielekeza pembeni, likafifia. Mahali pazuri palikuwa kati ya hapo na hapo. Wanafunzi waliandika kila kipimo katika madaftari yao, na hakuna aliyegusa vifungo vya amplifaya.

Mwanafunzi mmoja akaona kwamba maikrofoni mbili lazima ziwe bora kuliko moja, akaiweka ya pili nyuma ya ile ya kwanza. Loo! Gitaa likakonda ghafula, kana kwamba limeugua. Hapo nilifurahi, maana ndilo somo lenyewe. Sauti husafiri kiasi cha mita 340 kwa sekunde. Wimbi litikisikalo mara 1,000 kwa sekunde lina urefu wa sentimita 34. Maikrofoni moja ikiwa nyuma ya nyenzake kwa sentimita 17, basi wimbi hilo linaposukuma huku, huvuta kule, na zikichanganywa hupunguzana. Nilikuwa nimechora jambo hilo ubaoni kwa miaka mingi, wala sikumbuki darasa lililolielewa upesi kama siku ile.

Hata hivyo gitaa letu, japo lilikuwa safi, halikufanana na la Mbaraka. Jioni ya nne ndipo tulipotambua kosa letu. Tulikuwa tukirekodi gitaa peke yake, lakini katika nyimbo zile gitaa halikuwa peke yake hata kidogo. Tukaiondoa maikrofoni ya koili. Ile ya kapasita tukaisimamisha mita moja na nusu kutoka kwenye spika, na bendi nzima ikaizunguka. Ngoma zilizidi, tukazisukuma hadi mlangoni. Mwimbaji hakusikika, akasogea hatua mbili. Tulipanga watu badala ya kupanga vifungo, na aliyekosea alituanzisha wote upya. Tulirudia mara kumi na moja.

Jumapili nilimpelekea Baba Mdogo. Alisikiliza mpaka mwisho, akaomba nirudie. Kisha akaniambia kwamba chumba ndicho, ila vidole bado. Vijana wafanye mazoezi, akasema, kwani Mbaraka hakuharakisha uzi hata mmoja. Nilipokuwa nikiaga aliuliza kama ningeweza kumwachia rekodi ile, nikamwachia.

Maneno yake nimewafikishia wanafunzi, na wameyakubali. Maikrofoni yaweza kuwekwa mahali pake kwa rula, na hilo tumejifunza. Lakini kilichobaki hakipimwi kwa rula. Mbaraka alikipata kwa kupiga na wenzake miaka mingi. Chama cha muziki hukutana kila Jumatano baada ya masomo, na nafasi ya mpiga gitaa la besi bado i wazi.