Indra Devi: Alikataliwa na gwiji wa yoga, akaja kuifundisha dunia

JINA la Indra Devi hutajwa kila inaposimuliwa namna yoga ilivyovuka mipaka ya India na kuingia katika kumbi za mazoezi za Marekani. Hata hivyo, mwanamama huyo aliyekuja kuwafundisha nyota wa sinema alianza mazoezi hayo akikaribia umri wa miaka 40, akisumbuliwa na maradhi, na mwalimu aliyemwendea kwanza alimfungia mlango.

Alizaliwa Mei 12, 1899 mjini Riga, Latvia, wakati eneo hilo likiwa chini ya Dola ya Urusi, na akapewa jina la Eugenia Peterson. Baba yake alikuwa mtu wa benki mwenye asili ya Sweden, na mama yake alikuwa mwigizaji wa Kirusi kutoka familia ya daraja la juu.

Akiwa na miaka 15 alisoma kitabu cha mshairi Rabindranath Tagore na kingine kilichohusu yoga. Tangu siku hizo alitamani kuiona India. Lakini Mapinduzi ya Urusi ya 1917 yaliyavuruga maisha yake, akawa mkimbizi na hatimaye kufika Berlin, Ujerumani, ambako alipata riziki yake kwa kuigiza na kucheza dansi jukwaani.

Mwaka 1927 alipanda meli kwenda India, nchi ambayo ingekuwa maskani yake kwa miaka mingi. Aliigiza katika filamu ya Kihindi iliyotoka mwaka 1930, na ni kwa ajili ya kazi hiyo alipojipa jina la Indra Devi. Mwaka huo huo aliolewa na Jan Strakaty, mwanadiplomasia wa Czechoslovakia aliyekuwa na kituo cha kazi Bombay, mji ambao sasa unaitwa Mumbai.

Maisha ya karamu na anasa hayakumwepusha na ugonjwa. Kwa miaka kadhaa alisumbuliwa na maumivu ya moyo, na tiba alizozijaribu hazikumpa nafuu. Ndipo alipofunga safari kwenda Mysore, kusini mwa India, kumtafuta Tirumalai Krishnamacharya.

Gwiji huyo alikuwa akifundisha katika jumba la kifalme chini ya ufadhili wa Maharaja Krishnaraja Wadiyar wa Nne. Miongoni mwa vijana waliopita mikononi mwake ni B.K.S. Iyengar na Pattabhi Jois, ambao baadaye walipata sifa duniani kote.

Krishnamacharya alikataa katakata kumpokea. Sababu zilikuwa mbili: ombi lilitoka kwa mwanamke, tena mgeni kutoka Ulaya. Ilibidi Maharaja mwenyewe aingilie kati ndipo mwalimu akakubali, naye akaweka masharti magumu: kula vyakula vya mimea alivyovichagua mwalimu, kuamka mapema, kulala mapema na kutokosa mazoezi.

Mwanafunzi huyo hakulalamika. Alianza na hatua za mwanzo kama mwanafunzi mwingine yeyote, akijifunza mkao mmoja baada ya mwingine, huku viungo vyake vikizoea taratibu. Kwa maelezo yake mwenyewe, maumivu yaliyomtesa yalitoweka.

Juhudi hizo zilimlainisha mwalimu. Iliposikika kwamba Strakaty anahamishiwa China, Krishnamacharya alianza kumpa mwanafunzi wake mafunzo ya peke yake, hususan ya namna ya kuvuta na kutoa pumzi, akamtaka ayaandike yote. Kisha akamwagiza akawafundishe wengine.

Mwaka 1939 Indra Devi alifungua darasa Shanghai, katika nyumba ya Soong Mei-ling, mke wa kiongozi wa China, Chiang Kai-shek. Aliendelea kufundisha mjini humo wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Mwaka 1946 mumewe alifariki dunia, na mwaka uliofuata mjane huyo alihamia Marekani.

Huko California alifungua studio Hollywood. Waigizaji Greta Garbo na Gloria Swanson walikuwa miongoni mwa waliofika kujifunza, na umaarufu wao ukaivuta jamii kuitazama yoga kwa jicho jipya. Mwaka 1953 aliolewa na daktari Sigfrid Knauer.

Pamoja na wanafunzi hao wakubwa, hakumsahau mtu wa kawaida anayeanza. Kitabu chake cha mwaka 1959 kilipangwa kuwa somo la wiki 6 la kufanyia nyumbani. Alisisitiza pumzi ndefu na tulivu, mikao isiyoulazimisha mwili na mapumziko, badala ya mazoezi ya nguvu ya vijana wa Mysore.

Aidha, alikabiliana na shaka kwamba yoga ni dini. Mwaka 1960 alikwenda Moscow, ambako mazoezi hayo hayakukubalika wakati huo, akawaeleza viongozi wa Kisovieti, akiwamo Waziri wa Mambo ya Nje Andrei Gromyko, kuwa yoga haimtaki mtu aache imani yake.

Baadaye alihamia Tecate, Mexico, alikowaandaa walimu, na katika miaka ya 1980 akafanya makazi yake Argentina. Umri mkubwa haukumzuia kuendelea kuwa karibu na wanafunzi wake.

Krishnamacharya alifariki dunia mwaka 1989. Mwanafunzi aliyemkatalia alimfuata Aprili 25, 2002, jijini Buenos Aires, akiwa na umri wa miaka 102. Kufikia wakati huo, katika miji mingi ya nchi za Magharibi, wanawake ndio waliokuwa wengi katika madarasa ya yoga, na aliyefika kujiandikisha kwa mara ya kwanza hakuhitaji tena mfalme wa kumwombea nafasi.