Lewis Hine: Mwalimu Aliyepima Watoto kwa Vifungo vya Koti Lake



Ndugu msomaji, Ramadhani iliyopita nilipewa kazi ya kupiga picha siku jumuiya yetu ilipokwenda kugawa futari kwa watoto wanaolala karibu na stendi. Mtoto mmoja wa kiume, kwa kukisia miaka tisa hivi, alipopokea mfuko wake aligeuza uso. Nikamwambia aangalie huku. Akaangalia, nikapiga. Picha ile tuliisambaza katika makundi yetu yote ya WhatsApp, na bango la jumuiya lilionekana vizuri sana nyuma yake. Wiki tatu baadaye dada mmoja wa mwaka wa tatu aliniuliza mtoto yule anaitwa nani na anatoka wapi, kwa sababu alikuwa amempata mtu wa kumlipia ada ya shule. Sikuwa na jibu. Nilikuwa na uso wake tu.

Siku hizohizo nilikuwa naandaa mada ya semina kuhusu haki za mtoto katika sharia, na katika kusoma nikakutana na mtu ambaye sikutarajia kukutana naye. Hakuwa Muislamu, hakuwa mwanachuoni wa fiqhi, na amekufa zaidi ya miaka themanini iliyopita. Ni Mmarekani aitwaye Lewis Hine. Huenda umewahi kuona picha zake bila kujua jina lake. Leo naomba nikueleze maisha yake, kwa sababu yamenifundisha kitu ambacho nilipaswa kukijua kabla ya kushika simu yangu siku ile.

Utoto na kazi ya kwanza

Lewis Wickes Hine alizaliwa tarehe 26 Septemba 1874 katika mji wa Oshkosh, jimbo la Wisconsin. Baba yake alifariki kwa ajali mwaka 1892, naye kijana wa miaka kumi na minane akalazimika kutafuta riziki ya nyumba. Aliingia kiwanda cha samani. Alifanya kazi saa 13 kwa siku, siku sita kwa juma, kwa mshahara wa dola nne kwa wiki. Baadaye alifanya vibarua vya kila aina, hadi kufagia katika benki, huku akisoma usiku.

Nimeanza na jambo hili kwa makusudi. Mtu huyu hakuijua kazi ngumu ya ujanani kutoka vitabuni. Aliyemtoa huko ni mwalimu mmoja, Frank Manny, aliyeona kipaji chake akamhimiza asomee ualimu. Hine akasoma katika Chuo Kikuu cha Chicago, kisha mwaka 1901 akamfuata Manny mjini New York kufundisha katika shule aliyokuwa akiiongoza. Ni Manny huyohuyo aliyemwekea kamera mikononi ili aitumie kufundishia. Wakati huo Hine alikaribia miaka thelathini na hakujua lolote kuhusu upigaji picha.

Mwaka 1904 walianza kwenda Ellis Island, kisiwa ambako meli zilishusha wahamiaji kutoka Ulaya. Wamarekani wengi waliwadharau watu wale. Manny alitaka wanafunzi wake wawaone kwa heshima ileile waliyowapa mababu zao waliofika zamani. Hine akajifunza kazi katikati ya umati, akipiga picha za watu waliochoka, wasiojua lugha yake, na kwa vifaa vizito vya wakati ule: kamera ya sanduku, miguu mitatu, mabamba ya vioo, na unga wa magnesiamu uliowashwa ili kutoa mwanga na moshi mwingi.

Watoto wa viwandani na mitaani

Ili uelewe alichofanya baadaye, lazima uijue Marekani ya wakati ule. Sensa ya mwaka 1900 ilihesabu watoto zaidi ya milioni 1.7 wenye umri wa miaka 10 hadi 15 waliokuwa wakifanya kazi, na hapo walio chini ya miaka kumi hawakuhesabiwa. Viwanda vya pamba vya kusini vilipenda vidole vidogo vinavyounga nyuzi haraka. Migodi ya makaa ya mawe ilipenda watoto wa kuchambua mawe. Mtoto alilipwa kidogo kuliko mtu mzima na hakujua kugoma.

Mwaka 1904 iliundwa Kamati ya Taifa ya Ajira ya Watoto ili kupambana na hali hiyo. Kamati ilikuwa na hotuba na ripoti, lakini wenye viwanda walikanusha kila kitu. Walisema hao ni watoto wachache, wanawaletea tu wazazi wao chakula, na kazi ni nyepesi. Palihitajika shahidi. Mwaka 1908 Hine akaacha ualimu akawa mpelelezi na mpiga picha wa kamati hiyo.

Kwa miaka karibu kumi alizunguka nchi kwa treni. Huko Whitnel, North Carolina, mwaka 1908, alimkuta msichana katikati ya safu ndefu za mashine za kusokota. Alimpima urefu, inchi 51, yaani kama sentimita 130. Alilipwa senti 48 kwa siku na nyakati nyingine alifanya kazi usiku. Alipoulizwa umri alisema hakumbuki, kisha akaeleza kwa siri kwamba hajafikia umri wa kufanya kazi lakini anafanya hivyo hivyo. Hine akahesabu wafanyakazi wa pale: kati ya hamsini, kumi walikuwa na kimo kama chake.

Mwezi Januari 1911 alikuwa Pennsylvania, penye mitambo ya kuvunja makaa ya mawe. Wavulana walikaa wameinama juu ya mifereji ambamo makaa yalipita kwa kasi, wakitoa mawe kwa mikono mitupu. Vumbi lilikuwa zito kiasi cha kuziba macho. Aliandika kwamba wakati mwingine msimamizi alisimama juu yao akiwachokoa na kuwapiga mateke. Mwezi uliofuata alikuwa Mississippi, katika kiwanda cha kusindika kamba na chaza, akampiga picha mtoto wa miaka mitano amesimama na ndoo mbili mbele ya mlima wa makombe. Mtoto yule hakujua hata neno moja la Kiingereza.

Hakuwaacha watoto wa mitaani. Aliwafuata wauza magazeti alfajiri na usiku wa manane, na vijana wapeleka simu za maandishi waliotumwa hadi kwenye nyumba za ukahaba. Picha yake mojawapo, ya St. Louis mwezi Mei 1910, inaonesha wavulana wadogo wauza magazeti wakivuta sigara. Aliandika saa: ilikuwa saa tano asubuhi, siku ya Jumatatu. Hakuongeza maneno ya uchungu. Saa ile wenzao walikuwa darasani.

Vifungo vya koti

Hakuna mwenye kiwanda aliyemkaribisha kwa jina lake halisi. Basi Hine alijifanya muuza Biblia, muuza kadi za posta, mkaguzi wa moto, au mpiga picha wa mashine. Alimwomba mtoto asimame kando ya mtambo ili eti ukubwa wa mtambo uonekane. Kumbe alichotaka ni mtoto. Kwa kuwa kumpima mbele ya msimamizi kungemfichua, alikuwa amejua kila kifungo cha koti lake kiko inchi ngapi kutoka ardhini. Mtoto akisimama karibu naye, anaangalia kichwa kimefika kifungo gani. Mkono mwingine ulikuwa mfukoni, unaandika kwa siri: jina, umri, kimo, mshahara, muda aliofanya kazi, mahali na tarehe.

Hapa ndugu zangu ndipo nilipofunga kitabu na kukaa kimya. Mtu huyu alikuwa hatarini kupigwa na walinzi, ana dakika chache tu, na bado aliuliza jina. Mimi nilikuwa na mchana mzima, bila mlinzi wa kunifukuza, na sikuuliza.

Mwaka 1910 huko North Pownal, Vermont, alimpiga picha msichana mwembamba, miguu mitupu, ameegemea mashine ya kusokota. Msichana alisema ana miaka kumi na miwili. Wenzake walisema ana kumi. Hine aliandika kauli zote mbili. Angeweza kuchagua ile inayoumiza zaidi, nani angemwuliza? Lakini alijua kwamba akikutwa na kosa moja, wapinzani watazitupa picha zote. Sisi tunaosoma elimu ya hadithi tunalielewa jambo hili: mpokezi akijulikana kwa uongo mmoja, riwaya zake zinaachwa.

Lakini si yuleyule aliyedanganya mlangoni? Ndiyo, na sitaki kulificha swali hilo. Nililileta kwenye semina na tukagawanyika. Wapo waliosema uongo ni uongo. Wapo waliosema kuondoa dhara kwa mtoto kunatangulia, na mwenye kiwanda hana haki ya kuificha dhulma yake. Mimi nimeelemea upande wa pili, ila natambua kwamba hila yake iliishia kwa wenye nguvu. Katika ushahidi wenyewe hakuongeza wala hakupunguza.

Sheria ilivyochelewa

Picha zilichapishwa katika magazeti na vijitabu, zikaoneshwa katika mikutano. Mwaka 1916 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kuzuia bidhaa za viwanda vilivyoajiri walio chini ya miaka 14, na za migodi iliyoajiri walio chini ya miaka 16, zisiuzwe kutoka jimbo hadi jimbo. Ilianza kazi Septemba 1917. Baba mmoja wa North Carolina, ambaye wanawe wawili walifanya kazi kiwanda cha pamba, akafungua kesi, na mwaka 1918 Mahakama ya Juu ikaifuta sheria hiyo kwa kura tano dhidi ya nne. Sheria ya pili ikafutwa mwaka 1922. Ni mwaka 1938 tu ndipo ilipopatikana sheria ya kudumu iliyoweka miaka 16 kwa kazi nyingi na 18 kwa kazi za hatari.

Watu wengine hudhani kuweka mpaka wa umri ni fikra ya Wazungu wa karne iliyopita. Tukumbuke Abdullah bin Umar (r.a.) alivyojitokeza siku ya Uhud akiwa na miaka kumi na minne, Mtume (s.a.w.) akamrudisha, kisha akamkubali siku ya Khandaq alipofika kumi na mitano. Umar bin Abdul Aziz alipoisikia habari hiyo aliifanya kuwa mpaka kati ya mdogo na mkubwa. Na si kwamba mtoto hafanyi kazi kabisa. Anas bin Malik (r.a.) alianza kumhudumia Mtume (s.a.w.) akiwa na miaka kama kumi, na kwa miaka yote kumi ya utumishi wake hakuwahi kuguniwa. Mlinganishe na yule msimamizi wa Pennsylvania.

Mwisho wake

Hine alikwenda Ulaya mwaka 1918 pamoja na Msalaba Mwekundu, akapiga picha za waliohamishwa na vita. Mwaka 1930 na 1931, akiwa amekaribia miaka sitini, alipanda juu ya mafundi waliokuwa wakijenga Empire State Building, akaning'inizwa katika kikapu juu ya mji ili awapige picha kwa heshima ileile. Baada ya hapo kazi zikakauka. Mradi mkubwa wa picha wa serikali haukumchukua. Alipoteza nyumba yake kwa deni, akaishi kwa msaada. Mkewe Sara alifariki Krismasi ya mwaka 1939, naye akafuata tarehe 3 Novemba 1940, akiwa maskini. Mwaka uliofuata, 1941, Mahakama ya Juu ikaithibitisha sheria ya 1938 na kuufuta uamuzi wake wa 1918. Hakuiona siku hiyo.

Zaidi ya picha zake 5,000 zimehifadhiwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani. Yule msichana wa Vermont aliwekwa kwenye stempu ya posta mwaka 1998. Kwa sababu Hine aliandika mahali na jina, watafiti waliweza kuwafikia jamaa zake. Alikuwa amefariki mwaka 1993, bibi wa zaidi ya miaka tisini, bila kujua kwamba uso wake unajulikana nchi nzima. Hilo nalo linanisumbua. Hata shahidi mwema alichukua kitu kwa mtoto, na mtoto hakurudishiwa habari zake.

Nimekwenda mara mbili pale stendi kumtafuta yule kijana wa Ramadhani. Nimewaonesha wenzake picha. Mmoja alisema amehama, mwingine alisema hamjui. Nitakwenda tena insha'Allah. Na kwa kamati ya jumuiya yetu nimepeleka ombi dogo: mwaka huu tusibebe bango, tubebe daftari. Tuulize jina, umri, kwao ni wapi, na shule aliiacha darasa la ngapi, kisha daftari likae kwa katibu, lisipigwe picha. Sitara ya mtoto ni amana.

Namwomba Allah atujaalie kuwa mashahidi wa kweli, na anisamehe mimi kwa picha ile. Wabillahi tawfiq.