Mwalimu Oliver Tambo na Shule ya Mazimbu

Katika habari za walimu walioacha alama katika nchi yetu ya Morogoro hatuwezi kumpita Oliver Tambo, ingawa hakuzaliwa huku, wala kazi yake ya darasani hakuifanya chini ya milima ya Uluguru. Watu wengi humjua kuwa mkuu wa chama cha ANC, aliyewaongoza watu wa Afrika ya Kusini miaka thelathini katika uhamisho. Sisi twataka kumwonyesha msomaji upande wake mwingine, yaani ule wa ualimu. Kwa maana twaona ya kuwa pasipo huo hayo mengine hayaeleweki vema.

Alizaliwa tarehe 27 Oktoba 1917 katika kijiji cha Kantolo, karibu na mji wa Bizana, katika nchi ya Wapondo. Baba yake, Mzimeni Tambo, alimwita Kaizana kwa jina la Kaisari wa Wadachi, maana Waingereza walikuwa wameitwaa nchi ya Wapondo, naye hakupendezwa nao. Siku zile vita vilikuwa vikiendelea hata huku kwetu. Mwaka mmoja kabla yake, mwezi wa Agosti 1916, majeshi yaliyoongozwa na Jenerali Smuts wa Afrika ya Kusini yaliingia Morogoro na kuwafukuza Wadachi. Smuts huyo ndiye aliyekuwa Waziri Mkuu wa nchi yake siku zile Tambo alipokuwa kijana mwalimu. Jina la Oliver alilipata shuleni, kama ilivyokuwa desturi ya shule nyingi za misioni.

Utoto wake ulikuwa wa kuchunga ng'ombe. Alisoma kwanza katika shule ya Wamethodisti huko Ludeke, kisha akapelekwa Holy Cross, misioni ya Waanglikana iliyo karibu na Flagstaff. Huko moyo wake ulishikwa na ibada na nyimbo, wala hakuviacha maisha yake yote. Hata uzeeni, penye kwaya ya vijana, aliweza kusimama mwenyewe mbele yao na kuwaongoza. Mwaka 1934 aliingia St. Peter's, shule ya sekondari ya Johannesburg iliyoendeshwa na watawa wa Jumuiya ya Ufufuo. Akatoka huko mwaka 1938 amefaulu daraja la kwanza, jambo lililowashangaza wengi, kwa kuwa Wazungu wengi wa nchi ile walikuwa wakisema Mwafrika haiwezi hesabu. Baraza la Transkei likampa fedha za kwenda chuo cha Fort Hare.

Alipata shahada yake ya hesabu na fizikia mwaka 1941, akabaki chuoni ili asomee stashahada ya ualimu. Lakini hakuimaliza. Mwaka 1942 palitokea ugomvi, ambao chanzo chake chaonekana kidogo sana: wanafunzi walitaka ruhusa ya kucheza tenisi siku ya Jumapili, wakakataliwa. Tambo alikuwa katika baraza la wanafunzi. Wakubwa wa chuo waliwataka wote watie sahihi ahadi iliyohusu mwenendo wao na mambo ya dini. Tambo, ambaye alikuwa mtu wa sala kuliko wengi wao, alikwenda kanisani akaomba, akarudi akakataa. Kwa maana aliona kwamba ahadi aliyolazimishwa kumpa Mungu si ahadi. Akafukuzwa. Wako watakaosema ya kuwa alikuwa na kiburi cha ujana. Sisi twaona kwamba ni hapo alipoanza kuonyesha desturi yake: kutokupiga kelele, na kutokuondoka mahali alipokwisha simama.

Basi akawa kijana mwenye shahada lakini hana kazi. Shule yake ya zamani, St. Peter's, ndiyo iliyomwita. Akafundisha huko hesabu na sayansi tangu mwaka 1943 hata 1947. Twaiita kazi ndogo, miaka minne au mitano tu, lakini tazama walioketi mbele yake. Mmoja ni Duma Nokwe, aliyekuja kuwa wakili mkubwa wa kwanza Mwafrika katika baraza la mawakili la Transvaal, na baadaye katibu mkuu wa ANC. Mwingine ni Henry Makgothi, ambaye miaka mingi baadaye alishika kazi ya elimu katika chama kile uhamishoni. Mwalimu hajui lini mbegu yake itaota, wala katika udongo gani.

Katika miaka hiyohiyo, mwaka 1944, aliungana na Anton Lembede, Walter Sisulu, Nelson Mandela na wengine kuunda Umoja wa Vijana wa ANC. Lembede naye alikuwa amefundisha shule kabla ya kuwa mwanasheria. Tambo pia akaacha chaki akashika sheria, na mwisho wa mwaka 1952 yeye na Mandela wakafungua ofisi ya uwakili Johannesburg. Habari za ofisi hiyo zimeandikwa mahali pengi, hatutazirudia.

Jambo tunalotaka msomaji alishike ni lile la mwaka 1953. Mwaka huo serikali ya makaburu ilitoa Sheria ya Elimu ya Wabantu. Kabla yake shule nyingi za Waafrika zilikuwa za misioni, zikisaidiwa kwa fedha za serikali. Sheria mpya ilizitoa shule hizo, pamoja na vyuo vya kufundishia walimu, katika mikono ya makanisa, ikaziweka chini ya wizara ya mambo ya Waafrika, chini ya Dk. Verwoerd. Naye hakuficha kusudi lake: mtoto wa Kiafrika afundishwe kiasi cha kumtumikia Mzungu, asifunguliwe mlango wa zaidi. Makanisa yakawa njia panda. Misioni nyingi zilikabidhi majengo yao kwa huzuni, zikisema afadhali shule mbaya kuliko watoto kuzurura njiani. Askofu Ambrose Reeves wa Johannesburg hakukubali, na St. Peter's, shule iliyomlea Tambo na kumpa kazi, ikafungwa mwaka 1956. Padre Trevor Huddleston, aliyekuwa msimamizi wake, alikuwa miongoni mwa waliopinga sheria ile kwa nguvu nyingi. Watu wa kusini mwa nchi yetu wamjua, maana ndiye aliyekuwa Askofu wa Masasi tangu mwaka 1960 hata 1968.

Yafaa tuseme hapa kwamba hata kwetu serikali ilizitwaa shule za misioni, kwa sheria ya mwaka 1969. Mwenye haraka aweza kuyalinganisha mambo haya mawili. Lakini huku shule zilitwaliwa ili watoto wa dini zote na wa makabila yote waingie mlango mmoja. Huko zilitwaliwa ili mlango ufungwe. Majina ya matendo yafanana, makusudi hayafanani.

Mwaka 1956 Tambo alikuwa amekubaliwa kuanza matayarisho ya upadre. Mwezi wa Desemba akakamatwa pamoja na wenzake wengi kwa shtaka la uhaini, na njia ile ikakatika. Mwezi huohuo alimwoa Adelaide Tshukudu, muuguzi. Baadaye shtaka lake lilifutwa. Baada ya mauaji ya Sharpeville, tarehe 21 Machi 1960, chama kilimtuma atoke nchini akaueleze ulimwengu habari zao. Akavuka mpaka kwa siri, na katika safari hiyo akafika Dar es Salaam, Tanganyika ikiwa haijapata uhuru bado. Alidhani labda ni miaka michache. Ikawa thelathini.

Morogoro iliingia katika maisha yake kwa ofisi ya chama iliyowekwa hapa katika miaka ya 1960, na kwa mkutano mkuu ulioanza tarehe 25 Aprili 1969. Vijana wa kambi walikuwa na manung'uniko juu ya viongozi wao. Tambo, aliyekuwa akishika urais tangu kufa kwake Luthuli mwaka 1967, alijiuzulu mbele ya mkutano, wajumbe wakamrudisha.

Tarehe 16 Juni 1976 watoto wa shule wa Soweto waliandamana, kwa kuwa walilazimishwa kujifunza baadhi ya masomo kwa lugha ya Kiafrikaans. Walipigwa risasi. Hii ndiyo ilikuwa mavuno ya sheria ya mwaka 1953: kizazi kilichozaliwa ndani yake kilikuwa kimefika umri wa sekondari. Maelfu ya vijana wakakimbia mipaka. Wengi walitaka bunduki mara moja. Lakini wengine walikuwa watoto hasa, na Tambo na wenzake hawakuweza kuwatazama wakikua bila kitabu. Serikali ya Tanzania ikatoa mwaka 1977 shamba la mkonge lililoachwa, huko Mazimbu, na bibi Anna Abdallah, aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Morogoro, alisaidia sana. Ujenzi ulianza mwaka uliofuata. Kijana Solomon Mahlangu aliponyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979, shule ikapewa jina lake.

Kazi haikuwa nyepesi. Walikuta nyumba chache za zamani za shamba na vichaka. Wanafunzi wenyewe walichanganya zege na kuchimba misingi, pamoja na mafundi na vibarua wa Morogoro. Fedha zilitoka Sweden, Norway, Uholanzi na kwingineko. Walimu walitoka nchi nyingi, wala hawakutosha siku zote. Pakawa na shule ya chekechea na ya msingi pamoja na sekondari, hospitali, karakana za useremala na ushonaji, na shamba la kulisha watu. Mbali na hesabu na sayansi, walifundishwa somo waliloliita Maendeleo ya Jamii za Watu, ambalo ndani yake historia ya Afrika ilisimuliwa na Waafrika. Tena walifanya mitihani ya London, ili vyeti vyao vikubaliwe popote.

Palikuwa na mashindano ya mawazo. Wengine walisema shule ni ya kutayarisha wapiganaji. Wengine, ni ya kutayarisha madaktari na walimu wa nchi itakayokuja. Wengine walichoka na jembe, wakauliza kwa nini aliyekimbia elimu ya vibarua apewe tena kazi ya kibarua. Swali hilo ni zuri, na sidhani kwamba lilipata jibu kamili. Vijana walio mbali na wazazi wao pia walikuwa na shida zao za ulevi, mimba na upweke, ambazo hakuna mtaala uwezao kuziponya. Tambo aliyajua haya. Tarehe 22 Agosti 1985 alikuja mwenyewe kuizindua rasmi shule hiyo, mwalimu wa hesabu aliyekuwa amekaa miaka 38 nje ya darasa.

Mwaka 1989 alipatwa na ugonjwa wa kiharusi. Akarudi kwao Desemba 1990. Mwaka 1991 Fort Hare, chuo kilichomfukuza, kilimfanya mkuu wake wa heshima. Akafa tarehe 24 Aprili 1993, mwaka mmoja tu kabla ya uchaguzi ambao Waafrika wote walipiga kura, akazikwa Wattville. Baadhi ya wenzake waliofia uhamishoni walizikwa katika makaburi ya Mazimbu.

Shule yenyewe ilikabidhiwa kwa serikali ya Tanzania mwezi wa Julai 1992, ikaingia katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Chuo hicho kikaweka huko masomo ya sayansi na ualimu, na katika majengo yale wakaandaliwa vijana wa Kitanzania kwenda kufundisha hesabu na fizikia katika sekondari zetu.