Thomas Cranmer na Mkono Uliotia Sahihi

Kila tunapoungama dhambi zetu pamoja kanisani, twafuata njia aliyoitengeneza Thomas Cranmer. Alizaliwa Uingereza mwaka 1489, akasoma na kufundisha Cambridge, na mwaka 1533 akawa Askofu Mkuu wa Canterbury. Ndiye aliyeongoza kazi ya kutunga Kitabu cha Sala cha mwaka 1549, ili watu wake wamwabudu Mungu kwa lugha yao, si kwa Kilatini.

Lakini yeye aliyewapa wengine maneno ya kusali alishindwa kulilinda neno lake mwenyewe. Mwaka 1553 alitawazwa Malkia Mary, aliyetaka kuirudisha nchi chini ya Papa. Cranmer akatiwa gerezani. Oktoba 1555 wenzake, Latimer na Ridley, walichomwa moto huko Oxford. Naye, akiwa mzee, mpweke na mwenye hofu, akatia sahihi karatasi za kuikana imani aliyoifundisha. Wala si mara moja, bali mara kadhaa. Hata hivyo hukumu ya kifo haikuondolewa.

Tarehe 21 Machi 1556 aliletwa katika Kanisa la Mtakatifu Mariamu, Oxford, akiri makosa yake mbele ya watu wote. Walitazamia kumsikia akikana tena. Badala yake aliyatangua yote aliyoyatia sahihi, akasema kwamba mkono wake uliandika kinyume cha moyo wake, kwa hiyo utaungua kwanza. Wakamwondoa upesi, wakampeleka penye kuni. Moto ulipowaka, akaunyosha mkono wa kuume ndani yake.

Sisi twadhani kuulinda ulimi ni kuacha matusi na masengenyo tu. Kumbe hata neno la upole huwa dhambi likitoka katika hofu: twaitikia uongo barazani ili tusichukiwe, au twakubali kuwa mashahidi wa jambo tusiloliona.

Tena Cranmer atuonyesha njia ya kurudi. Neno baya lililosemwa hadharani na litenguliwe hadharani. Tukimsingizia jirani mbele ya watu, haitoshi kutubu chumbani peke yetu. Twende kwa watu walewale tukaseme kweli, ijapokuwa kwa aibu. Petro naye alimkana Bwana, akalia, kisha akamhubiri waziwazi katika mji uleule.

Mungu atujalie ulimi mmoja na moyo wetu. Amina.