Profesa aliyekata mkia wa gari

Ukikaa Kithimani Jumapili jioni, lazima utaziona: Golf GTI zikitoka upande wa Thika kuelekea Matuu, eksosi ikinguruma mpaka mbuzi wanatawanyika. Dereva amekanyaga mafuta yakaisha mguuni, lakini mshale wa spidi umegoma kupanda. Analaumu injini. Kumbe anayemshika shati ni upepo, na huo upepo kuna mtu aliupigania maisha yake yote: Wunibald Kamm.

Kamm alizaliwa 1893 huko Basel, Uswisi. Alisoma Stuttgart, Ujerumani, akafanya kazi Daimler, kisha katikati ya miaka ya 1920 akabuni SHW, kigari chepesi cha alumini kilichovutwa na magurudumu ya mbele, vile vile Demio ya jirani yako inavyokwenda leo. Hakikuingia sokoni.

Mwaka 1930 akawa profesa Stuttgart na kuanzisha FKFS, taasisi ya utafiti wa magari ambayo ingali hai. Wakati huo wataalamu kama Paul Jaray walitaka gari lichongoke nyuma kama tone la maji. Hewa inapenda hivyo, sawa, lakini mkia wote huo utauegesha wapi? Jibu likapatikana kwa Kamm na Reinhard von Koenig-Fachsenfeld: acha paa lishuke taratibu, halafu likate wima. Hewa inaachana na gari bila fujo nyingi, na ule mvuto unaolirudisha gari nyuma unapungua. Hataza ilikuwa ya Koenig-Fachsenfeld, jina likabaki la Kamm. Dunia ndiyo hiyo, buda.

Sasa hesabu. Kasi ikizidi mara mbili, upepo unakukaba mara nne, na nguvu ya kuushinda inatakiwa mara nane. Kwa hivyo GTI ya farasi 200 ikifika mwisho wake, asilimia 10 tu ya kasi zaidi inadai kama farasi 60 wengine. Eksosi mpya haikuletei hao. Na hapa sokoni, penye bodaboda na mama mboga, mwisho ni 50.

Mwaka 1940 BMW 328 yenye umbo la Kamm iliweza kukaribia kilomita 230 kwa saa kwa farasi 136 hivi. Ilipelekwa Mille Miglia, Italia, haikumaliza. BMW nyingine ikashinda. Tusifiche pia: hizo zilikuwa enzi za Hitler, na taasisi yake ililitumikia jeshi. Vita vilipoisha Wamarekani wakamchukua, akafundisha New Jersey, kisha akarudi Ujerumani. Alifariki 1966.

Kesho GTI ikiegeshwa, ichungulie nyuma. Kile kidomo juu ya kioo ni paa lililorefushwa kidogo kabla ya kukatwa. Lile bawa refu kama benchi ambalo wasee hununua Kirinyaga Road hufanya kinyume: linakamata upepo.