BWANA JOHN HERSCHEL, ALIYEPIMA NGUVU YA JUA

Hapa kwetu Mhunze mama zetu huanika michembe juani. Jua likipungua, michembe huota ukungu, na akiba ya wakati wa njaa hupotea. Kila siku husemwa jua ni kali au si kali. Nami nilitaka kujua ukali huo ni kiasi gani. Niliweka kipimajoto juani. Upepo ukivuma kilishuka, ukitulia kilipanda, hali jua ni lile lile. Nilikata tamaa, mpaka niliposoma habari za Bwana John Herschel.

Bwana huyu alizaliwa Uingereza tarehe 7 Machi 1792. Baba yake, William, ndiye aliyegundua sayari ya Uranus mwaka 1781. John alisoma Cambridge, na mwaka 1813 akawa wa kwanza katika mtihani wa hisabati.

Mwaka 1825 alibuni chombo kiitwacho aktinomita. Kilikuwa kama kipimajoto chenye tumbo kubwa la kioo, ndani yake maji ya buluu iliyokoza. Hakuuliza joto limefika wapi, bali jua linapasha kwa kasi gani. Alikiweka juani dakika moja, kivulini dakika moja, kisha juani tena. Kivulini aliona kazi ya hewa na upepo, akaitoa katika hesabu. Iliyobaki ni kazi ya jua peke yake. Basi kosa langu nililiona: nilisahau kivuli.

Januari 1834 alifika Cape, Afrika ya Kusini, pamoja na jamaa yake, akakaa miaka 4. Huko alitazama nyota za kusini, akatoa mashauri juu ya shule za serikali, na akapima jua la Afrika kwa chombo cha maji. Hata mayai na nyama alipika ndani ya sanduku lenye kioo, bila kuni.

Alifariki tarehe 11 Mei 1871, akazikwa Westminster Abbey, London. Siku hizi twajua kwamba juu ya anga la dunia jua huleta wati 1361 hivi kwa kila mita ya mraba.

Nami sasa ninalo kopo la maji, saa, na ubao wa kutilia kivuli. Wenzangu, karibuni tupime.

Mwanafunzi wa Kidato cha 3