Shule ya Nyumbani mwa Mtakatifu Thomas More

Wakristo wengi humfahamu Mtakatifu Thomas More kwa kifo chake tu: kwamba tarehe 6 Julai 1535 alikatwa kichwa mjini London, kwa kuwa hakukubali kumkiri Mfalme Henry VIII kuwa mkuu wa Kanisa katika Uingereza. Sisi leo twapenda kumtazama miaka mingi kabla ya siku ile, akiwa baba wa watoto wanne, maana wapo wazazi walioamua kuwafundisha watoto wao nyumbani wasijue waanzie wapi.

Alizaliwa London mwaka 1478, akawa mwanasheria. Mkewe Jane alimzalia Margaret, Elizabeth, Cecily na John, akafariki mwaka 1511. More alioa tena upesi, mjane aitwaye Alice, na nyumba ikajaa watoto, wa kuzaa na wa kulea. Wote, wasichana kwa mvulana, walifundishwa humo humo Kilatini, Kigiriki na hata elimu ya nyota. Desturi ya nyakati zile haikuwapa wasichana masomo hayo. More hakuijali, aliamini kwamba akili ya msichana hupokea mbegu sawasawa na ya mvulana.

Msomaji atasema: alikuwa na fedha, akaajiri walimu. Ni kweli, wala hatufichi. Lakini yaliyo bora katika malezi yake hayakununuliwa. Kazi ya mfalme ilimweka mbali na nyumbani siku nyingi. Basi aliwataka watoto wamwandikie barua karibu kila siku, kwanza kwa Kiingereza, kisha waifasiri kwa Kilatini na kuisahihisha kabla ya kuinakili. Kisingizio cha kukosa la kuandika hakukipokea. Naye aliwaandikia, hata akawatungia shairi akiwa juu ya farasi, mvua ikinyesha na njia ikiwa matope. Humo awakumbusha keki na matunda aliyowapa, na kwamba alipowachapa, fimbo yake ilikuwa manyoya ya tausi. Wazazi wepesi wa bakora na walipime neno hilo.

Nyumba nzima ilisali pamoja, na mezani binti mmoja alisoma Maandiko, kisha wakayazungumza. Mwalimu wao, William Gunnell, aliagizwa kwa barua kwamba adili litangulie, elimu ifuate, na watoto walindwe wasitamani sifa.

Mwaka 1524 Margaret, mwenye umri wa miaka 19 hivi, alifasiri kitabu cha Erasmus juu ya Sala ya Baba Yetu. Miaka kumi baadaye baba yake alifungwa katika Mnara wa London, na binti huyu akamsihi aape kama wengine. Hapo malezi yalipimwa. Walijadiliana kwa hoja, kama alivyomzoeza tangu utoto; baba hakukubali, wala hakumtupa mwanawe. Siku alipohukumiwa, Margaret aliwapenya askari akamkumbatia mbele ya watu. Barua ya mwisho ya More, iliyoandikwa kwa makaa siku moja kabla ya kufa, ilimwendea yeye.

Margaret naye aliwapa wanawe malezi yale yale hata alipofariki mwaka 1544. Binti yake Mary ndiye aliyefasiri kwa Kiingereza kitabu juu ya huzuni ya Kristo, ambacho babu yake alikiandika kwa Kilatini gerezani, kikapigwa chapa mwaka 1557.